Petway na Winchi ya Tezi

Meli za namna ile hazikupewa majina. Zilipewa namba tu, na hii ilikuwa Themanini na Tisa. Ilizaliwa mbali kabisa na bahari, Evansville katika jimbo la Indiana, ukingoni mwa mto Ohio, mahali ambapo miaka miwili tu nyuma palikuwa na shamba la mahindi. Wanawake wenye vinyago vya chuma usoni waliichomelea bamba kwa bamba, na siku ilipokamilika ikasukumwa mtoni kwa ubavu, ikatoa wimbi lililowalowesha watazamaji wote wa ng'ambo.

Lucius Petway alipanda ngazi yake mwezi Aprili mwaka 1944, mfuko wa turubai begani. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mwenyeji wa Alabama, mrefu, mweusi, mwenye mikono mipana kama makasia. Kazi aliyopangiwa ni kuwahudumia maofisa mezani. Hilo halikumshangaza. Mtu mweusi aliyejiunga na jeshi la maji la Marekani miaka ile alijua anakwenda kubeba sinia, hata kama nyumbani alikuwa bingwa wa jambo gani.

Wenzake waliopanda naye walikimbilia chini kugombea vitanda vilivyo karibu na hewa. Yeye alikwenda tezi. Huko nyuma ya meli, juu ya sitaha, palikuwa na winchi kubwa mpya, yenye injini yake na pipa la chuma lililozungushiwa waya mnene kama mkono wa mtoto. Mwisho wa waya ule palining'inia nanga. Petway aliuzunguka mtambo ule mara mbili, akagusa mkono wa breki, akainama kuchungulia meno ya gurudumu.

"Umepotea, boi?" sauti ikauliza nyuma yake. "Jiko liko chini."

Aliyesema alikuwa serahangi wa meli, mkuu wa mabaharia wa sitaha, Kasimir Wojtas, mtu wa Toledo, kifua kama pipa, aliyepiga miaka ishirini kwenye meli za kubeba mawe ya chuma katika Maziwa Makuu ya kaskazini.

"Sijapotea, serahangi. Namwangalia huyu mnyama."

"Mnyama huyu si wako. Wako ni birika la kahawa."

"Birika nalijua pia. Na jina langu ni Petway."

"Kwani nimekuuliza jina?"

"Hujaniuliza. Nimekupa bure."

Wojtas alimtazama kwa muda, kama mtu anayetafakari kama ametukanwa au la. Petway akamwamkia kwa heshima zote, akabeba mfuko wake, akashuka kutafuta kitanda. Kilichobaki kilikuwa kile cha chini kabisa, pembeni mwa bomba la maji moto. Akatandika.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Lakini meli hii haikuumbwa kama meli nyingine, na kwayo tezi ndiyo ilikuwa roho yake. Kazi yake ilikuwa kupanda ufukweni makusudi. Ikikaribia nchi kavu huiangusha nanga ya tezi baharini, ikaendelea mbele huku waya ukitoka, hadi omo, yaani sehemu ya mbele, ikwame mchangani. Milango mikubwa ya omo hufunguka, daraja hushuka, vifaru hutoka. Kisha ikitaka kuondoka, winchi huuvuta ule waya na injini hurudi nyuma, na meli hujichomoa. Nanga ya tezi ndiyo mlango wa kutokea. Waya ukikatika, mawimbi huigeuza meli ikalala ubavu ufukweni, nayo ikikaa hivyo mbele ya mizinga ya adui, haihitaji kuombewa tena isipokuwa dua ya maiti.

Waliteremka mto Ohio, wakaingia Mississippi, wakapita mabwawa na mashamba ya pamba hadi New Orleans, ambako meli ilisimikiwa mlingoti. Kisha wakaenda Florida kufanya mazoezi ya kupanda na kushuka ufukweni, mara tatu nne kwa siku.

Winchi alikuwa amepewa baharia aitwaye Dunleavy, dereva wa teksi wa Boston, mchangamfu, mwenye maneno mengi. Aliiendesha winchi kama alivyoendesha teksi yake: mbio, breki, mbio, breki. Petway alikuwa akipita na sinia la kahawa kuelekea kwa kapteni darajani, jukwaa la juu la kuongozea meli, na kila akipita alikuwa akipunguza mwendo.

"Dunleavy," alisema siku ya tatu, "waya wako unapandana."

"Peleka kahawa, bwana, itapoa."

"Napeleka. Lakini mizunguko yako haijalala sawa. Huu wa juu umeingia katikati ya ile ya chini. Ukivutwa kwa nguvu utajiuma wenyewe."

"Lini hiyo?"

"Mimi sipigi ramli. Sema mara tano zaidi."

Ilikuwa mara ya nne. Waya ulijibana ndani ya pipa, winchi ikakwama, na Themanini na Tisa ikakaa juu ya fungu la mchanga tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Meli nyingine za mazoezi zilipita zikipiga honi, na mabaharia wake walivua kofia kwa huzuni ya kujifanya, kama watu wanaopita mbele ya msiba.

Jioni ile Wojtas aliteremka jikoni. Petway alikuwa akikata vipande vya mkate wa mahindi kwa ajili ya meza ya maofisa.

"Ulijuaje?" serahangi akauliza, bila salamu.

"Kuhusu nini?"

"Usinichezee akili. Dunleavy amenieleza."

Petway akafuta kisu. "Miaka tisa nimeendesha winchi ya mvuke kwenye kinamasi cha Tensaw. Tunavuta magogo ya mivinje kutoka kwenye tope. Gogo moja lina uzito wa kifaru, na waya ni huu huu. Kule ukikosea, waya unakatika na kurudi. Nimewazika watu wawili waliosimama mahali pasipofaa."

"Na jeshi lilijua hayo ulipojiandikisha?"

"Niliwaambia. Wakanipa koti jeupe na tarishi wa kunionyesha jiko."

Wojtas alichukua kipande cha mkate, akala. Akachukua cha pili. "Unaweza kumfundisha Dunleavy?"

"Naweza. Alfajiri, kabla ya chai ya maofisa. Ila kuna jambo moja."

"Lipi?"

"Lile jina la boi."

Serahangi alitafuna hadi akamaliza. "Atakuwa tezi saa kumi na moja," alisema, akaondoka zake. Tangu siku ile hakumwita Petway boi tena. Wala hakumwita kwa jina lake. Alisema "wewe" tu, na mara nyingine "yule", na Petway akaona kwamba hiyo nayo ni hatua, hata kama si kufika.

Masomo ya alfajiri yalikwenda vizuri kuliko walivyotazamia wote wawili. Dunleavy alikuwa na mikono myepesi na hakuwa na kiburi.

"Funga macho," Petway alimwambia siku ya kwanza.

"Nifunge macho na waya unatoka?"

"Ndiyo. Sikiliza. Sasa unanong'ona, maana yake umelegea. Sasa unavuma, hapo ni sawa. Ukianza kuimba kwa sauti nyembamba, punguza. Ukinyamaza ghafla baada ya kuimba, lala chini, usiniulize kwa nini."

"Na wewe unafanya nini wakati mimi nimelala?"

"Mimi nitakuwa nimelala kabla yako."

Wakavuka mfereji wa Panama, wakaenda magharibi wiki baada ya wiki kwa mwendo wa baiskeli ya mzee. Kapteni wao, Luteni Whitcomb Sayles, alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari huko Vermont, mtu mwembamba, mpole, anayesafisha miwani kila anapotaka kufikiri. Alipenda kahawa bila sukari na alimshukuru Petway kila alipomletea, jambo ambalo maofisa wengine hawakuwa na habari nalo.

Katika visiwa viwili vya kwanza, Themanini na Tisa ilifanya kazi yake bila mkwaruzo. Ilipanda ufukweni, ikatema vifaru, ikajichomoa. Kengele ya vita ilipolia, Petway alivua koti jeupe na kwenda kituo chake: alikuwa mpokezi wa makombora kwenye mzinga wa tezi, hatua sita kutoka kwenye winchi. Alipokea kombora kutoka kwa mtu wa nyuma na kulipitisha kwa mtu wa mbele, na masikio yake wakati wote yalikuwa kwa waya.

Kisiwa cha tatu kilikuwa habari nyingine.

Omo iligusa mchanga saa tatu asubuhi, mwezi Aprili mwaka 1945. Vifaru kumi na nane vilitoka katika muda wa dakika ishirini na tano. Kisha, kwa njia ile ile waliyotokea, majeruhi wakaanza kuingia. Walikuja wakibebwa kwenye machela, wengine wakitembea wakishikana mabega, wakalazwa kwenye ukumbi mrefu wa chini ambako vifaru vilikuwa vimesimama. Kufikia saa sita mchana walikuwa mia moja na kumi na wawili. Maji yalikuwa yameanza kupwa na mkondo uliotoka kushoto ukazidi nguvu. Kutoka meli ya amri ikaja ishara: meli zote ziondoke ufukweni sasa hivi.

Wahandisi wakaanza kupiga pampu kumwaga farumi ya maji ili meli iwe nyepesi. Dunleavy akawasha winchi. Hapo ndipo kombora lilipoangukia majini karibu kabisa na tezi, likarusha maji na vyuma juu ya sitaha.

Petway alipofungua macho, alikuwa amepiga magoti, mzima, kombora lake bado mikononi. Crane, baharia wa simu, alikuwa amelala chali na hakuwa na haja tena ya msaada wa mtu. Dunleavy alikuwa ameegemea ukingo, ameshika paja kwa mikono miwili, damu ikipita kati ya vidole. Injini ya winchi ilikuwa bado inanguruma. Lakini breki ilikuwa imefunguka, na waya ulikuwa unatoka. Kila pima moja iliyotoka, mkondo uliisukuma tezi kulia, na meli ikaanza kugeuka, polepole, kuonyesha ubavu wake wote nchi kavu.

Petway akamgeukia mtu wa nyuma yake. "Shika hili," alisema, akampa kombora. Akatembea zile hatua sita. Hakukimbia, kwa sababu sitaha ilikuwa na mafuta na maji.

Akakanyaga breki kwa mguu na kuuvuta mkono wake wa chuma kwa uzito wote wa mwili. Pipa likalia, likapunguza mwendo, likasimama. Moshi ukaanza kutoka kwenye ukanda wa breki. Waya ukapanda kutoka majini, ukanyooka ukitiririsha maji, nao ulikuwa ukiimba kwa sauti nyembamba.

Wojtas alikuja mbio kutoka omo, uso mwekundu. "Wewe! Toka hapo!"

"Nikitoka, meli inalala ubavu. Lete maji, mwagia ukanda."

"Nimekwambia toka, hiyo si kazi..."

"Serahangi, tazama waya halafu uniambie nani mwingine aushike."

Wojtas akautazama waya. Akaitazama mikono iliyoshika breki, iliyokuwa imetulia kama mikono ya mtu anayekamua ng'ombe. Akamtazama Dunleavy, ambaye ingawa meno yalikuwa yakimgongana alitikisa kichwa kwa maana ya kumwachia. Serahangi akachukua ndoo. Alimwaga ya kwanza, mvuke ukafoka. Akamwaga ya pili.

"Sasa simu," Petway akasema. "Kapteni anataka kurudi nyuma kwa nguvu zote, nasikia injini zinabadilika. Mwambie asirudi bado."

"Nimwambie kapteni asifanye nini?"

"Basi niwekee mdomoni, nitamwambia mwenyewe."

Wojtas akaokota simu pembeni mwa marehemu Crane, akaifuta kwenye suruali yake, akamwekea.

"Kapteni, hapa tezi. Petway."

"Petway yupi?"

"Wa kahawa yako, afande. Dunleavy ameumia. Winchi ninayo mimi. Tusirudi nyuma sasa, tumekaa mshazari na nanga. Tukivuta hivi waya utakatika."

Huko darajani, kama walivyosimulia baadaye waliokuwapo, Kapteni Sayles alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa. Kombora jingine lilianguka mbele yao.

"Mshazari kiasi gani?" akauliza.

"Kama nusu ya kona ya nyumba, afande."

"Digrii arobaini na tano. Nasikiliza. Unataka nini?"

"Sukuma mbele, usukani wote ukizungushwa ili maji yaipige tezi irudi kushoto. Omo imekwama, haitakwenda popote. Tezi ikirudi, waya utalegea kidogo kidogo, nami nitaula kadiri unavyolegea. Tukisimama mstari mmoja na nanga nitakwambia, hapo ndipo urudi nyuma na kila ulicho nacho."

"Huko mbele ni nchi kavu, Petway. Tukizidi kupanda, hatutoki."

"Nimewahi kulichomoa gogo lililozama zaidi ya hapa, afande."

Kisha sauti ya kapteni, si kwake bali kwa mshika usukani: "Mbele, injini zote. Usukani kushoto mpaka mwisho... hapana, kulia, kulia mpaka mwisho." Meli ikatetemeka kuanzia chini.

Kwa muda hakuna kilichobadilika. Kisha tezi ikaanza kurudi, unyayo kwa unyayo. Sauti ya waya ikashuka kutoka kuimba hadi kuvuma. Petway akaachia breki kwa upana wa ukucha, akaipa winchi mvuto, akala pima mbili, akabana. Wimbi lilipoinua meli akala tatu. Lilipoishusha akashikilia. Wojtas alimwaga maji kila alipomwona akitikisa kidevu, bila kuuliza tena. Wale wa mzingani waliendelea kufyatua. Daktari alikwisha kuja kumfunga Dunleavy paja, lakini Dunleavy alikataa kuondolewa hadi aone mwisho.

"Unasikia?" Petway akamwambia Dunleavy bila kugeuka.

"Unavuma," Dunleavy akajibu.

"Vizuri." Akainamia simu ambayo Wojtas alikuwa bado ameishika. "Kapteni, sasa."

Injini zikageuza, zikanguruma kinyume. Winchi ikavuta. Kwa dakika nzima Themanini na Tisa ilibaki pale pale, ikikwaruza mchanga, na majeruhi chini wakasikia mkwaruzo ule kupitia migongo yao. Halafu wimbi refu likaingia, omo ikainuka, na meli ikateleza nyuma majini kama kisu kinachotoka kwenye ala. Petway alivuta nanga hadi ikatoka juu ya maji, akahakikisha waya haujaangukia kwenye rafadha inayosukuma meli, akafunga breki, akazima injini. Ndipo alipokaa chini. Nyayo zake zilikuwa zimeungua ndani ya viatu.

Majeruhi wote mia moja na kumi na wawili walifikishwa kwenye meli ya hospitali jioni ile. Wanne walifariki baadaye. Waliobaki waliishi. Crane alizikwa baharini asubuhi iliyofuata, na Petway alikuwa mmoja wa watu sita walioinua ubao uliombeba.

Baada ya mazishi, kapteni alimfuata tezi.

"Nani alikupa ruhusa ya kuishika winchi?"

"Hakukuwa na wasaa wa kuuliza, afande."

"Ni kweli." Kapteni Sayles akafuta miwani. "Nimeandika barua makao makuu. Naomba uondolewe kwenye uhudumu, upewe cheo cha sitaha."

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili. Lilikuwa na mistari miwili, na yote miwili ilisema hapana. Kapteni alimwita ofisini kumwonyesha, na ilionekana wazi kwamba kati yao wawili aliyeona aibu zaidi hakuwa Petway.

"Nilijua, afande," Petway alisema. "Lakini nashukuru kwamba uliuliza."

"Kwenye makaratasi yao utabaki mhudumu. Ila nahodha wa meli hii ni mimi, na Dunleavy amekwisha rudishwa nyumbani. Winchi ni yako."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Alimimina kahawa asubuhi na kuendesha winchi meli ilipopanda ufukweni, na haikukwama tena hata mara moja. Siku moja mtu mgeni wa sitaha alipouliza yule mhudumu anafanya nini pale, Wojtas alimjibu, "Huyo ni Bwana Petway, na wewe simama mbali na waya." Petway alilisikia, akajifanya hakulisikia, akatabasamu upande ule wa uso ambao serahangi hakuuona.

Vita vikaisha. Mwanzoni mwa mwaka 1946 Themanini na Tisa ilitia nanga katika ghuba ya San Francisco, chakavu, rangi imebambuka. Amri ikaja kwamba kila meli iandike historia ya utumishi wake kabla ya kuachwa. Karani wa meli, Oakes, alikaa siku tatu na taipureta yake, akatoa kurasa nne. Akaziweka mezani kwa kapteni asubuhi ya Jumanne, na Petway ndiye aliyekuja kuweka kikombe pembeni mwake.

Hakuwa mtu wa kusoma barua za watu. Lakini ukurasa wa tatu ulikuwa wazi, umemwelekea, nao ulikuwa unaeleza mambo aliyoyajua kuliko karani. Alisoma: winchi ya tezi ikaendeshwa kwa ustadi na mmoja wa mabaharia.

Akaweka birika chini.

"Afande, naomba kusema neno."

Kapteni akainua macho, akaona macho ya Petway yalipo, akaelewa. "Kaa," alisema. Petway hakukaa.

"Huyu mmoja wa mabaharia ana jina."

"Najua. Mimi ndiye niliyemwambia Oakes aandike hivyo." Kapteni alivuta pumzi. "Nikiandika kwamba mhudumu aliendesha winchi miezi minne, baada ya wao kukataa kwa maandishi, wataniuliza kwa kibali cha nani."

"Wakuulize, afande. Waambie walete mtu wa kwao tushindane naye, mchanga tuutafute sisi."

"Si mchezo, Petway."

"Nami sichezi. Wewe unarudi Vermont kuwafundisha watoto pembe. Watakufanya nini? Watakunyang'anya chaki? Mimi ninarudi kule ambako nikisema niliendesha winchi ya meli ya vita watanicheka. Karatasi hii itakaa makabatini mwa serikali baada ya sisi wote kufa. Imeandika idadi ya vifaru. Imeandika hata mbwa wa wahandisi. Sikuombi uongo."

Kapteni aliinuka. Aliufungua mlango. "Oakes. Niitie serahangi."

Wojtas akaja, akiwa na grisi mikononi. Kapteni akamsomea ule mstari. "Wewe ulikuwapo. Uandikwe vipi?"

"Hivi ulivyo ni upuuzi, afande," Wojtas akasema. "Mmoja wa mabaharia? Kwani tulipiga kura? Ni Petway. Mimi nilimwaga maji. Mkitaka muandike na ndoo."

Kapteni Sayles alicheka, kwa mara ya kwanza tangu ghuba ile ionekane. Alichukua ukurasa wa tatu, akaukunja mara mbili, akautupa kapuni. "Oakes, karatasi mpya."

Karani akaingiza karatasi, akaandika huku kapteni akisema maneno na Petway amesimama nyuma yake. Walipofika kwenye jina, Oakes akasita.

"Petway, ni T moja au mbili?"

"Moja. Wengi huweka mbili. Na mwisho ni Y."

"Na cheo?"

"Andika mhudumu wa mesi," Petway akasema. "Waone vizuri ni nani." Kisha akaongeza, "Na nakala moja nibaki nayo."

Kapteni akatia sahihi nakala zote mbili.

Miezi mitatu baadaye Petway alikuwa kwenye gati la Oakland, ng'ambo ya ghuba, amepanga foleni na watu mia mbili wanaotafuta kazi. Mkewe, Arzula, alikuwa amekuja kwa treni kutoka Mobile na kumwambia kwamba hana nia ya kurudi tena kwenye kinamasi. Msimamizi wa gati aliusoma ule ukurasa kuanzia juu hadi chini, akaurudia.

"Karatasi si winchi," alisema.

"Kweli kabisa. Nionyeshe winchi."

Akaonyeshwa. Petway akapanda, akasikiliza injini kidogo, akainua robota la kwanza kutoka tumboni mwa meli na kulilaza ghalani kwa upole, hata vumbi halikuruka. Akainua la pili. Msimamizi alikuwa amekwisha kugeuka kuzungumza na mtu mwingine, na Petway alipouliza ashuke au aendelee, alijibiwa aendelee. Aliendelea kwa miaka ishirini na sita, na alifundisha waendesha winchi kumi na wanne, weusi kwa weupe, wote kwa kuwafumba macho kwanza.

Themanini na Tisa yenyewe iliuzwa kubeba kokoto huko kaskazini, na mwaka 1958 ikakatwakatwa kuwa chuma chakavu. Wojtas alimwandikia kumpa habari, barua fupi yenye makosa mengi ya tahajia, akiuliza pia hali ya miguu yake. Petway aliisoma mezani wakati wa chakula cha mchana, akampa Arzula naye aisome.

"Inakuuma kwamba meli imekatwa?" Arzula akauliza.

Petway alifikiri. "Hapana. Ilitufikisha sote tuliokuwa wa kufika," alisema, akavuta bakuli la maharage karibu yake, akaomba apitishiwe mkate.